Jina Lililolala Ndani ya Mnara wa Babu

Al-Ba'irat,
Ng'ambo ya magharibi, Luxor.
Ijumaa, 9 Februari 2018

Mpendwa mdogo wangu Raslan,

Salamu zikufikie huko Kuwait, wewe na Nadia na mabinti. Kifua chako kimetulia na lile vumbi? Sisi hatujambo, ila goti langu, ambalo siku hizi hutabiri baridi vizuri kuliko redio. Miwa tunavuna. Shangazi Bahiga ana nguvu zake, na ulimi wake unamzidi.

Sasa kaa kitako. Habari hii haisomwi mtu amesimama.

Unaukumbuka mnara wa njiwa wa babu? Wewe ndiye uliyeubatiza jina la Mlevi, kwa jinsi ulivyoegemea shamba la jirani. Tangu upate digrii ya uhandisi, kila likizo unasimama mbele yake umeinamisha kichwa upande, unacheka. Basi anza kuandaa maneno ya kuomba radhi.

Unajua msimu huu naziba nyufa kwa plasta katika lile kaburi la kilimani, lenye picha ya bwana mwenye fimbo anayesimamia watu wakiburuta jiwe. Uso wake ulichimbwa kwa patasi zama hizo hizo za kale, na jina likafutwa kila lilipoandikwa. Daktari Nevine, mkuu wetu kutoka Cairo, alijua tu kwamba huyu alimjengea mfalme. Miaka minne alikuwa akilitafuta jina lake. Mimi nilimwita "yule bwana", kama mtu anavyomwita baba mkwe.

Mwezi uliopita nikamkaribisha daktari nyumbani. Shangazi akapika njiwa waliojazwa ngano mbichi, na mkate wa jua, ule unaoumuliwa juani, ukiwa bado wa moto. Daktari akala vizuri, akatoka uani kunawa, asirudi. Nikadhani mfupa umemkwama. Kumbe ameukodolea macho Mlevi.

"Fundi Sattar, hivi vitu njiwa wanavyovitulia ni nini?"

"Koni za udongo, daktari. Babu aliziokota chini ya kilima cha kaburi letu. Alikuwa mbahili wa kununua vijiti vya njiwa kutulia."

"Mbona zimekaa kinyume? Watu wa kale walichomeka ncha ukutani, juu ya mlango wa kaburi, na kitako kikatazama nje. Kwenye kitako ndipo ulipopigwa muhuri wa jina la mwenyewe!"

Babu alitaka njiwa wapate pa kushika kucha, akaziacha ncha nje na kuvizika vitako katika udongo. Koni zilizobaki kilimani upepo umezilamba hadi zimekuwa kama sabuni iliyokwisha. Zetu hazikuona upepo wala jua.

Shangazi akasimama na mwiko mkononi. "Hagusi mtu hapa! Katika kazi zote za baba yangu, ndiyo pekee iliyosimama."

"Imesimama, shangazi?"

"Nyamaza wewe! Tanuri ulilonijengea lilianguka na mikate ndani."

Kweli lilianguka. Kwa hasira ya mnara, wiki nzima akanipa chai bila sukari, na hapa kwetu unajua hayo ni matusi. Alisema njiwa ukiwavunjia nyumba hawarudi, na baba yake atakuwa hakuacha kitu duniani.

Daktari hakubishana naye. Alimkodia punda, akampandisha hadi kaburini. Shangazi akatazama kuta zote, kisha akasimama mbele ya lile tundu palipokuwa na uso.

"Kajenga yote haya, halafu hata jina hana?"

Aliporudi akaniambia, "Toa moja. Ukiangusha ukuta, utalala humo na njiwa."

Raslan, nilipiga bismillahi kama bwana harusi. Nikaulowesha udongo, nikavuta polepole. Muhuri ulitoka mkali kana kwamba umepigwa jana. Daktari akasoma kwa sauti, "Hornakht, msimamizi wa kazi zote za mfalme," akaketi chini akalia. Shangazi akalirudia jina mpaka likamkaa ulimini.

Ndipo akaturuhusu kuzitoa zote, kwa sharti moja: kila tundu lizibwe kwa koni mpya kabla ya kufungua jingine. Njiwa waliruka wote. Nikasema basi, tumekwisha. Jioni wakarudi, wakimlaumu kila mtu. Mkaguzi wa mambo ya kale amezichukua koni kwa heshima kubwa, na Mlevi bado ameegemea vilevile. Wewe mwenye digrii, nitajie jengo lako lililowahi kutunza jina la mtu namna hiyo.

Koni mpya alifinyanga shangazi mwenyewe. Kabla hazijachomwa, alinilazimisha niandike kwenye kila kitako: Ubayd, mjenzi wa mnara huu. Kisha akaamuru vitako viingie ndani, kama alivyofanya baba yake.

"Shangazi, huko ndani nani atasoma?"

"Hornakht alingoja. Baba naye atangoja."

Wasalimie Nadia na mabinti, na binamu yetu Shazli mkionana. Shangazi anakuombea riziki pana na kifua chepesi, na anasema ukija uje na ombi lako la radhi mkononi. Mungu akurudishe kwetu salama.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Sattar, fundi wa tanuri lililoanguka, mjukuu wa Ubayd.