Pua ya Kina Mama wa Svaneke

Lemvig, 9 Oktoba

Mama yangu mpenzi,

Salamu hizi zivuke bahari zikukute huko kisiwani Svaneke umeketi karibu na jiko, kahawa mkononi, na lile goti la kushoto limenyamaza. Linaendeleaje? Mimi ni mzima kupita kiasi. Nadhani iko sheria inayokataza mtu kuwa na furaha namna hii, ila polisi wa Lemvig bado hawajanifikia.

Mama, nina mume! Nikiamka asubuhi naitazama shingo yake na kusema moyoni, hii shingo ni yangu. Lile tao la matawi ya msonobari ambalo majirani walitujengea mlangoni siku ya harusi limekauka, majani yake yanaingia mpaka kwenye viatu, lakini sitaki liondolewe. Asger ananiuliza, "Mke wangu, tutaishi kichakani mpaka lini?" Namwambia mpaka harusi yetu ya shaba. Anacheka. Hajui kwamba katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyeifikia. Miaka kumi na miwili na nusu tu, nusu ya njia ya kwenda kwenye harusi ya fedha, na Bibi hakufika, na wewe hukufika. Babu aliondoka, Baba akaondoka, na wote waliaga kwa neno lilelile: wamechoka kutuhumiwa.

Mimi nitafika. Nitafika nikicheza!

Ila kuna jambo moja, na usinicheke. Asger amerudi kwenye klabu yake ya waogaji wa majira ya baridi. Wanajitosa kwenye maji baridi ya ghuba ya Limfjord kisha wanakimbilia sauna, kibanda chao cha mbao chenye joto kali, wote uchi, wake kwa waume, na hilo najua si jambo. Jambo ni Lone. Lone ndiye anayemimina maji juu ya mawe ya moto na kupunga taulo ili joto liwapige usoni, na wao wamejipanga kwenye mabenchi kama mikate kwenye tanuri. Ana nywele nyekundu na mabega mapana. Asger akitoka huko anarudi amewiva na kutabasamu, nami najiuliza ni joto gani hilo lililompa tabasamu.

Jana nilinusa taulo lake. Machungwa na msonobari. Nikanusa kofia yake. Machungwa na msonobari. Akalala, nikamnusa nyuma ya sikio. Ni yaleyale! Mama, wewe na Bibi mmefanya kazi kwenye moshi wa samaki maisha yenu yote, mnajua heringi ameiva kwa pua tu, na pua hiyo mmenirithisha. Haidanganyiki. Wewe uliwahi kunusa taulo la Baba?

Akupendaye mno,
Mwanao Maren


Svaneke, 17 Oktoba

Mwanangu Maren,

Nimefurahi kwamba u mzima. Goti langu ni lilelile, halina habari mpya.

Unaniuliza kuhusu taulo? Mimi nilimnusa baba yako mpaka kamba za viatu. Nilijua amepita kwa nani, amekula nini, amekaa karibu na nani kwenye basi. Watu wa hapa Svaneke walinisema sana. Waache waseme. Wao pua zao ni za kuning'inizia miwani.

Mwanamume haendi kuoga baharini mara kwa mara kwa sababu ya afya, mwanangu. Afya ipo hata kwenye bafu la nyumbani, tena maji yake yana moto. Na huyo mwenye taulo, kwani hakuna mwanamume klabuni anayeweza kupunga kitambaa? Mbona wakati wa harusi, wanaume walipomwinua Asger na kumkata ncha za soksi asiende kutongoza kwingine, mumeo mwenyewe alicheka kuliko wote? Mimi nililiona hilo. Nilinyamaza tu kwa sababu ilikuwa siku yako.

Fungua macho. Na ukiandika tena, usiniletee mashairi ya shingo. Nieleze: umenusa nini?

Mama yako


Lemvig, 3 Novemba

Mama mpenzi,

Natumaini hujambo na upepo haujakufungia ndani. Mimi mwilini sijambo. Kwingine kote sina hali.

Nilifungua macho kama ulivyosema. Jumapili Asger alipokwenda kuoga, nilimfuata. Nikasimama nje ya kile kibanda cha mbao nikasikia wanacheka ndani. Nikasikia sauti ya Lone ikisema, "Haya, Asger, hii ni yako, vumilia!" Damu ikanipanda. Nikafungua mlango, nimevaa koti na buti za mvua, nikapiga kelele: "Ondoa mikono yako kwa mume wangu!"

Mama, walikuwa wamejaa mabenchi yote. Mwalimu wa zamani wa Asger alikuwepo. Mchungaji aliyetufungisha ndoa alikuwepo, amefunika magoti kwa kofia. Lone alikuwa katikati, taulo juu hewani kama bendera. Unajua walisema nini? Wote kwa pamoja, kama kwaya: "Funga mlango, joto linatoka!"

Hakuna aliyenishangaa kwa wivu wangu. Walinishangaa kwa mlango.

Kisha mzee Kresten, mwokaji mikate mstaafu mwenye tumbo la pipa, akatoka kwenda majini, akapita mbele yangu. Alinuka machungwa na msonobari. Mke wa mchungaji akamfuata. Machungwa na msonobari. Ni mafuta wanayotia kwenye maji ya mawe, Mama! Klabu nzima inanukia vile. Kama ni harufu ya kukumbatiana, basi Lone amewakumbatia wote, pamoja na Kresten.

Nilicheka njia nzima kurudi nyumbani. Nilidhani na Asger atacheka. Hakucheka. Aliniuliza, "Tangu lini unaninusa?" Nikamwambia ukweli. Akaichukua kofia yake kwa mikono ile inayopanda minara ya mitambo ya upepo kila siku ya kazi. Akasema, "Sikuachi, Maren. Ila siwezi kuishi na mtu anayeninusa kama samaki. Nakwenda kwa Troels. Siku utakayotaka kuniuliza kitu kwa mdomo, niite."

Troels ni kaka yake, anaishi Struer. Nimekaa na mto wake kitandani. Na aibu kubwa ni hii: hata baada ya kujua yale mafuta, wivu haujaondoka. Umekaa palepale, unasubiri harufu nyingine. Nikikosa kuutoa, nitampoteza.

Mwanao Maren


Svaneke, 11 Novemba

Mwanangu,

Pole. Pole sana. Nimeisoma barua yako nimesimama, sikuweza kukaa.

Lakini tulia ufikiri. Una hakika amekwenda kwa Troels? Umempigia Troels mwenyewe? Huyo Lone anaishi upande gani, wa Lemvig au wa Struer? Mafuta ni mafuta, sawa. Mtu mwenye akili ndiye atakayechagua kujificha ndani ya harufu ya wote.

Njoo nyumbani. Kitanda chako kimetandikwa. Tutakaa wawili, tutakula vizuri, hakuna mtu wa kututesa. Ukikuta nguo zake chafu humo ndani kabla hujaja, uniambie zina nini.

Mama yako anayekuwaza


Lemvig, 30 Novemba

Mama yangu,

Uhali gani? Natumaini umepata kuni kavu. Mimi leo nina jambo kubwa na moyo unanienda mbio, nivumilie.

Mteja mmoja wa dukani, ninayemfungia maua kila Ijumaa, aliniona nalia juu ya waridi zake. Akanipa jina la Vibeke, anayetibu watu kwa hipnosi. Si mazingaombwe ya jukwaani, usifikiri nitalia kama kuku. Anakuketisha kwenye kiti, anakufunika blanketi, anazungumza nawe polepole mpaka mwili unalala na wewe umebaki macho ndani. Ana soksi za sufu na sauti, ah, Mama, sauti kama maziwa ya moto! Nikirudi nyumbani nalala nayo masikioni.

Aliniambia, "Nenda mpaka pale wivu ulipoanza. Usiutafute, uache ukupeleke." Nikajiona jikoni. Kuta za kijani. Nimesimama juu ya kigoda, mdogo, nina soksi moja. Mbele yangu koti la mwanamume, limelowa, zito. Mwanamke amepiga magoti, sura yake siioni vizuri, ananiambia, "Nusa, kipenzi. Una pua nzuri kuliko mimi. Umenusa nini?" Nami sinusi kitu, ila mvua. Lakini najua nikipata kitu atanikumbatia. Nikasema, "Maua." Akanikumbatia kwa nguvu mpaka nikakosa pumzi.

Nililia kwenye kile kiti mpaka blanketi likalowa. Vibeke akasema, "Sasa wewe mkubwa ingia humo jikoni, umshushe mtoto." Nilijaribu. Hakukubali kushuka, alikuwa amelishika koti. Nitarudi kwake wiki ijayo.

Mama, yule mwanamke ni wewe? Sikukasirikii. Nataka tu kujua.

Mwanao Maren


Svaneke, 12 Desemba

Maren,

Kwa hiyo sasa yupo Vibeke.

Miaka yote mimi ndiye niliyekulaza. Nilikuimbia mpaka nikapoteza sauti, na hukuwahi kuniambia kwamba sauti yangu ni maziwa ya aina yoyote. Leo mwanamke wa soksi za sufu anakufunika blanketi na unamlilia mambo ya nyumbani kwangu. Naye je, anakuita "mwanangu" pia?

Sasa nisikilize. Jiko letu lilikuwa jeupe. Wewe mwenyewe ulilichora kwa kalamu za rangi nikakuchapa. Jiko la kijani lilikuwa la Bibi yako, kule Gudhjem, nalo liliuzwa kabla hujazaliwa. Lile koti ni la Babu. Aliyesimama juu ya kigoda na soksi moja ni mimi.

Sijamsimulia mtu. Labda niliropoka ile mara nilipougua mapafu, ukawa unakaa kando yangu kunipa maji. Sijui. Najua tu kwamba siku ile nilisema "maua" hakukuwa na maua, na Babu hakulala nyumbani tena.

Niliapa sitakufanyia hivyo, na sikukufanyia. Sikuwahi kukupandisha kwenye kigoda. Kwa hiyo mwambie Vibeke wako amwache huyo mtoto. Si wake kumshusha. Ni wangu.

Asger amerudi? Umekutana naye wapi? Alikuwa ananuka nini?

Mama yako


Lemvig, 20 Januari

Mama yangu mpenzi,

Heri ya mwaka mpya. Nakuombea goti lenye heshima na asubuhi zisizo na ukungu. Nimekaa na barua yako Krismasi yote. Nililia kwa ajili ya yule msichana wa Gudhjem. Ningekuwa karibu ningekukumbatia bila kukuuliza kitu.

Lakini, Mama, angalia mstari wako wa mwisho. Angalia mistari ya mwisho ya barua zako zote. Ni kweli hukunipandisha kwenye kigoda nilipokuwa mtoto. Umenipandisha sasa, nina mume, na mimi nimekuwa nikinusa ili unikumbatie.

Nilipoliona hilo nilimwita Asger. Akaja amevaa kofia yake, akasimama mlangoni kama mgeni. Nikamuuliza kwa mdomo: "Kuna nini kati yako na Lone?" Akasema, "Kabla yako tulikuwa wapenzi. Tangu majira ya baridi mpaka masika. Akaniacha. Niliogopa kukuambia kwa sababu nilijua utafanyaje."

Unaona? Pua haikunusa pale palipokuwa na kitu! Wivu ulinipanda, nikataka kupasua sahani zote za harusi. Nikabaki nimekaa. Nikauliza la pili: "Unampenda bado?" Akasema, "Nampenda yule aliyefungua mlango wa sauna na buti za mvua, akaharibu joto la mji mzima." Halafu akavua kofia.

Amerudi, Mama. Amelala hapa ninapoandika, na shingo yake, samahani, ni nzuri mno. Bado namwonea Lone wivu, nikimwona dukani natamani kumuuzia maua yaliyonyauka. Vibeke anasema huenda usiishe. Lakini sasa ni wivu wangu mwenyewe, na una kinywa.

Nakuomba kitu kimoja. Usiniulize tena ananuka nini. Mengine yote niulize.

Mwanao akupendaye, Maren


Svaneke, 6 Machi

Mwanangu Maren,

Natumaini mko wazima, wote wawili. Mimi nipo.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu kila nikianza, kalamu inakwenda palepale ulipoikataza. Nimelazimika kuisubiri ichoke.

Nilidhani namchukia Lone. Kisha nikadhani namchukia Vibeke. Februari nzima nimekaa hapa dirishani nikaona kwamba siyo hao. Ninayemwonea wivu ni wewe. Uliuliza, ukapewa jibu baya, na mtu akavua kofia akakaa. Mimi sikuwahi kuuliza. Nilinusa, nikahukumu, nikafunga mlango.

Wiki iliyopita nilimkuta baba yako kwenye duka la mikate huko Nexø, anachagua mkate wa shayiri, mkewe anamsubiri garini. Nikamwendea. Nikasema, "Jens, nataka kukuuliza kitu. Alikuwepo?" Hakuuliza nani. Aliweka mkate chini akaniangalia usoni, akasema, "Hapana, Bodil. Hakuwepo mtu. Hata siku moja."

Nikamwamini. Hapo ndipo nilipolia, mbele ya watu na mikate yao. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwepo.

Niandikie unavyolala, unavyokula, na anavyokuchekesha. Hata mambo ya shingo niletee. Nitayasoma kwa wivu, mwanangu, lakini nitayasoma mpaka mwisho.

Mama yako