Gari Linaloharibikia Kibara Tu

Mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam

Baba Mugeta, mume wangu,

Pokea salamu kwanza, maana yatakayofuata hayatakufurahisha. Mimi huku ni mzima, ila joto la pwani linanitoa jasho hata nikiwa nimekaa, na usingizi umenikimbia kwa sababu utakayoisoma. Wewe hujambo? Mtoto wetu Mugeta kikohozi kimemwachia? Na mama yako huko Butiama, magoti yanamruhusu kwenda shamba?

Kazi dukani kwa Mjomba inaendelea. Tangu mambo yawe ruksa, magari ya Japani yanashuka bandarini kama dagaa, na kila linaloshuka leo litahitaji spea kesho. Nakumbuka ile miaka ya foleni za sabuni, ulipokuwa dereva wa lori la pamba. Likiharibika lilikaa juu ya mawe miezi, na wewe ulirudi nyumbani kwa miguu, umechoka, vumbi tupu, lakini ulirudi. Siku hizi spea zimejaa hadi darini na mume harudi. Ndiyo nimekaa kukuandikia.

Juzi aliingia dukani mfanyabiashara wa pamba kutoka Bunda, anatafuta klachi. Aliposikia natoka kwao alifurahi, tukaanza kuulizana habari za watu. Nikamwambia mume wangu ndiye mwenye lile gari jeupe linalobeba abiria wa Bunda na Kibara. Akacheka.

"Ile gari naijuaga! Si ndiyo inalalaga Kibara kila siku ya mnada, pale kwa yule mama mjane anauzaga petroli ya madumu?"

Kisha akauona uso wangu. "Lakini shemeji, hizi gari za kompyuta zinasumbuaga sana," akasema, akabeba klachi yake na kutoka haraka hata kwaheri hakuaga.

Baba Mugeta, nina wivu. Sifichi. Umenikaa kooni kama mwiba wa samaki, nikimeza mate nausikia. Usiku ule nilizitoa barua zako zote tatu nikazisoma upya, na safari hii nilizisoma kama muuza spea.

Ya kwanza ulisema gari likipata joto pampu ya mafuta inanyamaza, linazima papo hapo Kibara, mpaka lipoe. Sawa, hilo hutokea. Nauza vifaa hivyo kila siku. Kompyuta ya gari haina nguvu ya kuzungusha pampu yenyewe. Inatuma umeme kidogo tu kwenye relei, kile kiboksi cheusi, relei inagonga tik, ndipo umeme mkubwa wa betri unapopita kwenda kwenye pampu. Relei ikichoka, joto likizidi inaachia, gari linazima. Ikipoa inashika tena. Lakini relei inapoa kwa muda gani, mume wangu? Nusu saa. Saa nzima, nikikuonea huruma. Yako inapoa mpaka jogoo awike! Halafu relei haijui jina la kijiji. Ingezima stendi ya Bunda mbele ya watu, ingezima hata njia ya Butiama unapokwenda kumwona mama. Mbona huko haijazima hata mara moja?

Ya pili ulinieleza habari ya feni. Ukasema fundi wa Bunda amechoka kuitafuta relei ya feni, akakata waya, akaiunga direkti, sasa ukiwasha gari tu feni inazunguka mpaka unapolizima. Nilisikitika, maana si vizuri kuharibu waya wa watu.

Ya tatu, hiyo ya juzijuzi, ukaandika hivi: umelala tena Kibara kwa sababu maji yamechemka, kompyuta imekataa kuiamrisha feni.

Kompyuta gani, Baba Mugeta? Feni si mmeiunga direkti? Tangu siku ile kompyuta haina neno na feni hiyo. Haiiwashi wala haiizimi. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yako haikufika hata Kibara. Nilicheka peke yangu chumbani, kisha nikalia, na binti wa Mjomba akaja kuuliza kama nimepata msiba.

Huyo mama wa madumu simjui, lakini namwona. Namwona akimimina petroli akiichuja kwa kitambaa, ameinama, na wewe umesimama unamshikia dumu. Namwona akikuwekea sato wa moto na ugali wa muhogo, anakuuliza kama pilipili imetosha. Mimi ndiye niliyekuwa nikikuuliza hivyo. Nimeanza kuchukia hata harufu ya petroli, na duka hili lote linanuka petroli. Tulikubaliana mimi nije kufanya kazi huku ili pesa za gari zipatikane. Sikuja huku ili mwanamke mwingine apandishwe mbele, kwenye kiti changu ambacho hata sijakikalia.

Nilipomuuliza Mjomba nikuandikie nini, alisema, "Mwanangu, gari la mbali halitibiwi kwa barua." Huenda ni kweli. Ila kuna jambo lazima ulijue. Barua yako ya kwanza ilipofika, nilikuchagulia relei mpya ya pampu siku ileile. Iko chini ya kanga zangu hadi leo. Kila basi la Mwanza likiondoka nasema nitaituma kesho, na kesho situmi. Sikuisahau. Niliogopa. Maadamu gari ni bovu, ninaweza kusema mume wangu amekwama njiani. Gari likipona na wewe usirudi, nitajiambia nini?

Leo naituma, imo kwenye kifurushi hiki pamoja na ya feni. Chomoa ya zamani, chomeka hii, zungusha ufunguo bila kupiga stata. Utasikia tik, pampu itavuma kidogo kule nyuma kisha itanyamaza. Usishtuke, kompyuta inangoja injini ianze kuzunguka ndipo iipe pampu ruhusa ya kuendelea. Waya wa feni mwambie fundi aurudishe ulivyokuwa.

Mfikishie mama salamu, mwambie dawa ya magoti nimeipata, ipo humu kwenye kifurushi. Msalimie dada yako wa Musoma, yeye najua aliyaona yote akaninyamazia, sina kinyongo naye. Mbusu Mugeta, mwambie viatu vya shule vinakuja. Fundi wa Bunda msalimie pia, ingawa amekata waya.

Na yule mama wa petroli umpe salamu zangu. Usimwongezee maneno. Mwambie tu mke wako amesema gari limepona.

Ni mimi niliyeolewa nawe kwa moyo mmoja,
Mama Mugeta