Mjomba Asema Sisi Si Wafanyakazi

Mshauri mpendwa, assalamu alaikum. Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana hapa nilipo simwamini mtu. Nafanya kazi katika hoteli ya abti Bare, kaka wa mama yangu, hapa Garissa, mwaka wa tatu sasa, na kwa kuwa huandika mambo yangu daftarini kwa tarehe nitakueleza kama yalivyo. Tarehe 11 Machi afisa wa leba alikuja kukagua mishahara, abti akatuambia sisi wapwa wake watano tuvue aproni tukae mezani tunywe chai kama wageni, nasi tukakaa, hata nikamwambia afisa kwamba nimekuja kumsalimia mjomba. Mwezi uliofuata wapishi wawili kutoka Mwingi, walio katika chama cha wafanyakazi, wakapandishwa mshahara hadi kima cha chini cha serikali, sisi tukabaki chini yao ingawa ndio tunaofungua na kufunga hoteli, na nilipouliza abti akasema, "Nyinyi si wafanyakazi. Nyinyi ni familia." Lakini tarehe 2 Juni nilipoomba siku mbili nimpeleke mama kliniki alisema, "Mfanyakazi hajipangii siku." Sasa Hanad wa chama ameniletea fomu ya kujiunga, anataka niirudishe Ijumaa, nayo tayari ina jina langu na nambari ya kitambulisho, na mimi sikumpa, tena kaka yake ana hoteli mkabala na yetu. Nikitia sahihi, mama ataambiwa amezaa adui. Nani ananitumia?

Ilhan, Waberi

Ilhan, huenda wote wawili. Shaka yako kuhusu Hanad ina msingi, kwa hiyo usitie sahihi fomu iliyojazwa na mtu mwingine. Nenda mwenyewe ofisi ya chama, omba fomu tupu, uliza nambari yako ilitoka wapi na usiondoke bila jibu. Lakini hata Hanad akiwa na lake, haki ya kujiunga umepewa na katiba, si yeye.

Kuhusu mjomba, daftari lako lilishakujibu tangu Juni: wewe ni familia siku ya mshahara, na mfanyakazi siku ya ruhusa. Nakuonea huruma, dada, ila lawama yako unayo. Usiwanunie wapishi wa Mwingi. Wao walimwambia afisa kazi yao, wewe ukainua kikombe.

Mweleze mama leo, asije akasikia kwa jirani. Kisha mbele yake mwambie mjomba, kwa heshima, kwamba unataka kima cha chini kama wenzako. Na afisa akirudi, usivue aproni.