Pua za Wanasesere

Jumanne, baada ya chakula

Kuku wa mama mkwe wananitafutia ugomvi. Juzi walidonoa pua za wanasesere wote niliowaanika kwenye jamvi. Kosa langu pia, maana vile vichwa navitengeneza kwa karatasi na pumba za mpunga.

Mama mkwe alicheka. "Mwanangu, umewawekea chakula halafu unawafukuza? Chemsha mwarobaini, ukandie maji yake."

Leo nikakandia, nikashindilia kwenye kalibu ya vichwa, nikaanika. Jogoo akaja, akadonoa kichwa kimoja, akajifuta mdomo mchangani, akaondoka zake.

Bado naogopa mvua, na mwalimu wa chekechea anawataka wanasesere Ijumaa. Ila nimezipitia pua zote kwa kidole, moja moja. Zipo.