Ndevu za Akinyi

Jumatatu jioni. Mvua imepita Migori, hewa ni safi, nami nimeketi nikijipongeza. Watu watabisha, lakini matibabu ya wanawake katika kaunti hii yananitegemea. Leo daktari mzima ameninyamazisha mara tatu, na hakuna anayehangaika kumnyamazisha mtu asiyejua kitu.

Nilimpeleka kwake Akinyi, binti ya marehemu dada yangu, anayewauzia samaki wachimba dhahabu wa Masara. Tangu shule ya upili hunyoa ndevu kila asubuhi na kujifunga leso mpaka kidevuni. Jumapili shangazi za mchumba wake wanakuja kutoka Mbita kumtazama, naye alikuwa ameshafunga mzigo atoroke.

Nilimweleza daktari kwamba kwa mama yangu wanawake walikuwa na ndevu hata viboko wakiwapisha njia. Akasema hilo la ukoo ni la maana, viboko niwaache nje.

Akamuuliza Akinyi kama zilianza polepole au ghafla, kama hedhi huja kwa mpangilio, kama kuna dawa anazomeza. Nilijibu mawili kabla ya kutolewa nje. Mlango ni wa mbao nyembamba, kwa hivyo niliendelea na kazi.

Kumbe kila mwanamke ana homoni ya kiume kidogo. Ikizidi, mara nyingi kutoka kwa ovari, nywele hufuata njia za mwanamume: juu ya mdomo, kidevuni, kifuani, chini ya kitovu. Si laana, wala wembe hauziongezi. Zingekuja ghafla na sauti ikawa nzito, hiyo ingekuwa dharura. Vidonge vipo, ila vinataka miezi.

"Na watoto?" Akinyi akauliza.

Hapo nilibandika sikio mlangoni.

"Wengi huzaa. Wengine tunawasaidia kidogo."

Getini Akinyi akasema, "Nera, nipe simu." Nera ni mjomba kwa Kijaluo. Simu yangu hupaza sauti yenyewe, si kosa langu.

"Mimi hunyoa ndevu," akamwambia mchumba wake. "Waambie shangazi zako kabla hawajapanda gari."

"Najua. Tangu usiku ule mvua ilipotufungia kisiwani Takawiri. Wao wanauliza tu kama kutakuwa na kuku, samaki wamewachosha."

Mimi ni Msabato. Ya Takawiri sikuyasikia.

Akinyi amefungua mzigo.

Nami niseme moja. Nilirudi kwa daktari nikisingizia nimesahau kofia, nikanong'ona kama kuna kidonge cha kidevu changu. Wembe wa nyumbani ni wa mama watoto. Mimi sijawahi kuuhitaji.