Mama Insaf na Barua Zisizo na Tarehe

Mwaka umetimia, Mama, tangu utuage, na nyumba yetu hapa Mahalla bado haijazoea kimya. Baba anasema siku hizi anaisikia vizuri taarifa ya habari. Muongo! Anatamani umkatize, ucheke kile kicheko chako mpaka jirani wa juu agonge sakafu.

Uliingia kiwanda cha taulo cha Haji Mitwalli ukiwa msichana wa miaka ishirini na tatu, ofisi ya mambo ya wafanyakazi. Kazi yenyewe ilikuwa kuandika nani kachelewa, nani anaumwa, nani akatwe mshahara. Watu walisimama nje ya dirisha lenye nondo, wakaongea nawe wameinama. Ulivumilia wiki mbili. Ya tatu ukamwita fundi akazing'oa zile nondo, ukaingiza benchi ndani.

"Mtu akija na shida yake akae," ulimwambia Haji. "Mimi si askari jela."

Ukawajua watu wako. Ulijua mkono wa Gaber wa mitambo humuuma wakati wa baridi, na mkwe wa nani ni mkorofi. Jioni, tukila maharage na bajia za taamiya, habari zao zilijaa mezani hadi Baba akauliza, "Insaf, leo tunakula sisi au kinakula kiwanda kizima?"

"Kula, mume wangu. Maneno hayamalizi chakula."

Siku ya kwanza kazini, kila mtu alisaini karatasi mbili: mkataba, na barua ya kuacha kazi isiyo na tarehe. Viwanda vingi vilifanya hivyo. Siku ukichokwa, bosi anajaza tarehe, nawe umeacha kazi "kwa hiari yako", huna fidia wala pa kulalamikia. Barua hizo zote zilikaa kwenye kabati lako la chuma. Mwaka ule oda zilipokauka, Haji akaamua watu sitini waondoke kabla ya Ramadhani. Sitini, Mama, wenye watoto! Akaagiza faili.

"Bi Insaf, ni nini hii? Ya Gaber ina tarehe!"

"Ina tarehe, Haji."

"Ya miaka kumi na miwili iliyopita!"

"Ndiyo siku aliyosaini. Barua bila tarehe si barua, nikazitia tarehe. Zote."

"Zote?"

"Zote. Kwa karatasi hizi, waliacha kazi siku ileile waliyoanza. Wewe umekuwa ukiwaweka tu kwa ukarimu wako. Sasa hakimu gani ataamini kwamba wameacha leo? Mungu akuzidishie."

Ulirudi nyumbani na kikombe chako cha chai mkobani, ukijua huenda kesho huna kazi. Ulitusimulia huku ukicheka. Tuliogopa sana siku ile, na hatujawahi kujivunia mtu kama tulivyojivunia wewe.

Asubuhi ukarudi kwa Haji na daftari. "Kabla hujanifukuza, nipe nusu saa. Mashine zako unazijua moja moja. Watu wako umewahi kuwauliza wanajua nini?" Ukamsomea. Nawal wa kufunga mizigo anadarizi kuliko duka lolote mjini, na wenzake kumi na tisa pia. Gaber anaweza kufufua mitambo minne iliyotupwa uani. Na hapa Misri, ni bibi harusi gani anayeolewa bila rundo la taulo?

Haji akakubali kujaribu, na taulo za harusi zilizodariziwa majina zikauzwa mpaka Tanta na Mansura. Hakuna hata mmoja kati ya wale sitini aliyeondoka. Miaka ikapita, mtoto wa Haji akarudi kutoka masomoni, akabandika mlangoni kwako kibao kipya: Rasilimali Watu. Ukakitazama weee! "Jina limenenepa," ukasema. "Haya, na mshahara nao unenepe." Mshahara ukanenepa kidogo, nawe ukatununulia jiko jipya.

Haji alilia hemani kwenye msiba wako bila kujificha. "Alinikaidi mara moja tu," alimwambia Baba, "na siku hiyo ndiyo iliyoniokoa."

Mwezi uliopita Hanaa, uliyemfundisha kazi na sasa amekaa kwenye kiti chako, aliajiri watu thelathini. Alitualika tukashuhudie. Kijana wa kwanza alisaini mkataba, akabaki ameshika kalamu, akamtazama Hanaa kwa wasiwasi.

"Na ile ya pili, dada?"

"Hakuna ya pili," Hanaa akamjibu. "Karibu kazini."

Unakumbukwa na mumeo Shaaban, wanao Rihab na Wagih, mkweo Sausan, wajukuu zako Farida na Hamza, dada zako wote wa Samanud, na kila aliyewahi kukaa kwenye benchi lako. Pumzika, Mama. Hatujakusahau leo, wala hatutakusahau kamwe.