Ubani Wako na Feni za Kompyuta

Washwood Heath, Birmingham
2 Desemba 2007

Kwako Dada Ubah,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na watoto wa darasa lako hapo Eastleigh. Sisi hatujambo, ila kaka yetu Mahad ana mafua na anayatangaza kama habari za redio. Naandika kwa Kiswahili kama ulivyoniagiza, nisije nikakisahau. Ukiona makosa, yatie kalamu nyekundu.

Kwanza asante kwa kifurushi cha ubani. Mama alikifungua, akanusa, akanusa tena. Tangu hapo kila jioni anaweka chetezo sebuleni, na nyumba inanukia kama kwetu.

Habari kubwa ni kwamba tuna kompyuta. Jirani yetu Bwana Sukhdev, anayeunda magari kiwandani, ametupa ile ya mwanawe aliyehamia London, Mungu amzidishie. Si ya kawaida: inapozwa kwa maji. Maji yanapita kwenye mirija ya mpira, yanachukua joto la mtambo, kisha yanaingia katika rejeta ndogo mbele ya sanduku, mfano wa ile ya gari, na feni mbili zinaipepea. Mama aliposikia maji na umeme vimo sanduku moja, alimuuliza Bwana Sukhdev kama anatupa zawadi au anatufukuza mtaani. Mzee wa watu alicheka mpaka akakohoa.

Nilimtuliza Mama kwa kumwambia kwamba siku ya Idi atauona uso wako humo kwa intaneti, nawe ukiwa saiba, kwenye kompyuta za kukodi. Tangu tuondoke Nairobi hajakuona. Mara akaenda kuitafutia kompyuta kitambaa cha kuifunikia.

Haukupita muda ikaanza kuzimika yenyewe kwa joto. Mahad akaniita fundi wa birika. Mama akasema ikizimika tena inarudi kwa mwenyewe, Idi au si Idi, maana hataki kuunguza nyumba ya watu. Nilifungua ubavu wa sanduku, nikakuta rejeta imezibwa na masizi yanayonata. Niliyasugua kwa mswaki, lakini sikujua yametoka wapi, mpaka Mama alipowasha chetezo. Moshi haukupanda juu. Uliinama, ukaelekea kwenye kompyuta, ukamezwa.

Feni ina mshale ubavuni unaoonyesha upepo unakoelekea. Zetu zilikuwa zikivuta hewa ya sebuleni kuingia ndani. Niligeuza moja, joto likazidi, kwa kuwa moja ilivuta na nyingine ikasukuma, na hewa ikazunguka palepale. Bwana Sukhdev alikuja kunishikia tochi, akaniuliza kwa upole kama ningesukuma gari bovu huku mwenzangu akilisukuma kutoka upande wa pili. Basi nikazigeuza zote mbili zitoe hewa nje, na feni ya tatu, iliyo nyuma ya sanduku karibu na dirisha, nikaigeuza iingize hewa safi. Kompyuta haijazimika tena. Namshukuru sana mzee huyu. Hata mwalimu wangu, Bi Raksha, ameniomba niwaonyeshe wenzangu darasani, nami natamani siku moja hii ndiyo iwe kazi yangu.

Sasa nikuambie ambalo sijamwambia mtu hapa nyumbani. Ubani wako ndio uliokuwa ukiiziba kompyuta. Mama angejua, angeuzima siku ileile kwa ajili ya Idi, wala asingelalamika. Lakini anakunja mashuka ya hospitali kutwa, na saa ile ya chetezo ndiyo pekee ninayomwona amekaa kitako. Ndiyo maana niligeuza feni.

Usiache kuutuma. Mama amegundua kwamba akiweka chetezo mbele ya kompyuta, upepo unaupeleka moshi mpaka vyumba vya juu. Anasema mashine imejifunza adabu. Kwa hiyo siku ya Idi ukimwona Mama ndani ya moshi, usishtuke, hakuna kinachoungua.

Mahad anakusalimu kwa kupiga chafya. Mama anakuombea dua na anauliza kama unakula vizuri. Nisalimie wote wanaoniulizia.

Mdogo wako akupendaye,
Iqra